Neno Moja Nyuma ya Kamba

Garissa,
Alhamisi, 21 Agosti 2025.

Kwa abaayo wangu, dada yangu Hawo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote wa nyumbani, pamoja na mbuzi wako, ambao unawajua kwa majina kuliko ninavyowajua wanafunzi wangu. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto la Garissa bado halijajifunza adabu, mto umepungua, na goti langu la kushoto sasa linalia kila ninapoinuka, hata watoto wa Kidato cha Pili husikia nakuja wakaficha simu zao. Saado mke wangu anakusalimu sana. Anasema nimenenepa. Mimi nasema shati ndilo lililofuliwa vibaya.

Anayekuletea bahasha hii ni Bare, yule dereva wa lori la saruji, kupitia Modogashe na Wajir. Nimemsihi akukabidhi wewe mwenyewe, mkononi, wala asimpe mumeo. Abdirizak akiisoma kwanza ataificha, nawe hutaiona mpaka siku ya kiyama.

Ujumbe wako ulinifikia. Ulisema Sagal atafika Tarbaj Ijumaa ijayo kuwaaga, kabla hajapanda ndege kwenda Baku kusomea uhandisi wa mafuta, na kwamba mimi, kama abti yake, ndugu wa mama yake, niandike nasaha zisomwe mbele ya wageni. Kisha ukaongeza mwishoni, kama mtu anayeongeza chumvi, kwamba Abdirizak hatakuwepo: siku hizo anakwenda Rhamu kununua vitunguu. Hawo, mumeo hajanunua hata kitunguu kimoja maishani bila wewe kumtuma. Anajiondoa ili binti yake aagwe bila kununa. Nimesoma mstari ule mpaka nikaacha chai ipoe, nawe unajua mimi na chai.

Nimekupigia simu mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu nikaishia kuuliza bei ya sukari. Kwa hiyo naandika. Wala usishangae kuona Kiswahili. Nilianza kwa Kisomali mara mbili, lakini Kisomali changu kina vichochoro vingi vya kutorokea, na mara zote mbili nikajikuta nimetunga beti za kujitetea. Kiswahili nilifundishwa kwa fimbo. Humo siwezi kutoroka.

Unakumbuka wakati mkiishi hapa, Abdirizak akitengeneza simu pale karibu na soko, nami nikitoka shuleni nakwenda moja kwa moja kibandani kwake. Wenzetu waligombania Arsenal na Manchester. Sisi wawili tuligombania wachezaji wa sataranji wa Azabajani, nchi ya huo mji wa Baku. Nani alituroga, sijui. Abdirizak alidai yote yalianza mwaka 2003, aliposoma kwenye gazeti lililofungiwa vipuri kwamba Teimour Radjabov, kijana wa miaka kumi na tano wa Baku, amemshinda Kasparov, namba moja wa dunia, ambaye naye ni mzaliwa wa Baku. Tangu siku hiyo yeye alikuwa wa Radjabov, mtu wa subira. Mimi nilijitia wa Mamedyarov, kwa sababu anashambulia kwanza na kuuliza baadaye, na nilipenda watu wadhani hata mimi niko hivyo. Vugar Gashimov alipofariki mwaka 2014, ana miaka ishirini na saba tu, Abdirizak alifunga kibanda siku nzima, na wateja wakadhani amefiwa na binamu. Nawe ukatuambia kwamba tunawajua watoto wa watu wa Baku kuliko watoto wetu. Ulikuwa unatania. Siku hizi neno hilo linanichoma.

Sagal alikulia chini ya meza ile. Akiwa na miaka kumi alikuwa akipanga kete za mchezo ule wa Radjabov na Kasparov kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutazama karatasi, huku baba yake, bisibisi mkononi, anaona fahari mpaka anasahau simu ya mteja imefunguka kifua. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa klabu ya sataranji ya shule, lakini kusema kweli, alipofika miaka kumi na miwili alikuwa akinishinda huku anakula maembe.

Sasa mwaka 2019. Haya unayajua, lakini nivumilie. Mashindano yalifanyika hapa Garissa, katika ukumbi wa shule. Tulikuwa na timu ya watoto watano, Sagal akiwa meza ya kwanza. Wafadhili walikuwa wameahidi kwamba atakayeshinda michezo yote ya meza ya kwanza atapelekwa kambi ya vijana ya sataranji, wiki tatu, Baku. Sagal alikuwa ameshinda yote, umebaki mmoja. Wewe ulikuwa umeshamshonea koti, kwa sababu Abdirizak alisoma kwamba Baku ni mji wa upepo.

Watazamaji, pamoja na makocha, tuliwekwa nyuma ya kamba. Masharti yalisomwa kwa sauti: anayetazama hasemi. Akisema mtazamaji, mchezo ule unahesabiwa umepotezwa na yule aliyesaidiwa. Akisema kocha, timu nzima inafukuzwa. Ni masharti mepesi kwa watu wengine. Lakini wewe unatujua. Sisi tumekulia kwenye shax, kokoto na mavi ya ngamia juu ya mchanga, wawili wanacheza na kumi wanaelekeza, na anayetazama shax akanyamaza huulizwa kama ana homa au ana kisirani. Marehemu baba yetu alicheza zaidi akiwa amesimama nyuma ya wenzake kuliko akiwa amekaa.

Mimi na Abdirizak tulisimama bega kwa bega. Sagal alikuwa akishinda. Kulikuwa na hatua moja ya kummaliza yule kijana wa upande wa pili, nayo ilikuwa ya farasi. Mkono wa Sagal ukanyanyuka, ukasimama juu ya ngome. Ukakaa pale. Ukumbi ulikuwa kimya hata saa ya mchezo ilisikika. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya kamba, si kubwa, neno moja la Kisomali: faras.

Mwamuzi alisimamisha saa. Akauliza ni nani. Abdirizak akainua mkono, akasema ni yeye, baba wa mtoto, anaomba radhi. Mchezo ukahesabiwa umepotea, na Baku ikapotea nao. Sagal hakugeuka hata kututazama. Alizipanga kete zake zote mahali pake, moja moja, akatoka nje.

Na unaijua tabia yetu ya kubandika watu majina. Kabla ya adhuhuri mumeo alikuwa ameshakuwa Abdirizak Faras. Wateja walikuja kibandani wakaanza na mlio wa farasi kabla ya salamu. Alicheka nao mwaka mzima, kisha akauza vyombo vyake, mkahamia Tarbaj kwa mbuzi. Jina likapanda lori likafika kabla yenu. Wewe mwenyewe siku moja ulilitamka mbele yangu, kwa mzaha, nami nikacheka. Nilicheka, abaayo.

Sagal hakugusa kete tena. Nilimfuata bwenini nikamwambia mchezo ni mchezo, mwakani yatakuwa mengine. Aliniambia kwamba hakasiriki kwa ajili ya Baku. Alisema alikuwa amekwisha kumwona farasi, alikuwa anahakikisha tu. Kinachomuuma ni kwamba baba yake, aliyemfundisha subira, hakumwamini kwamba ataona. Kisha akasema afadhali ningekuwa mimi, abti, kwa sababu mimi kila mtu anajua sina subira. Nilimpatia leso nikaondoka mbio, nikasema nina kikao.

Nitakuambia kilichonisukuma kushika kalamu mbali na hivyo vitunguu vya Rhamu. Mwaka 2020 Radjabov alijitoa kwenye mashindano makubwa ya kumtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia, akihofia korona. Waliendelea bila yeye, kisha wakalazimika kuyakatiza njiani kwa sababu ya korona hiyohiyo. Mwaka 2022 wakampa nafasi, na akamaliza wa tatu. Siku ile Abdirizak alinipigia simu kutoka Tarbaj, amefurahi kama mtoto. Akasema: umeona, shemeji, kiti cha mtu kinaweza kurudishwa, hata baada ya miaka miwili. Alikuwa ananifungulia mlango, nami nikamuuliza kama Tarbaj kumenyesha.

Hawo, neno lile nilisema mimi.

Halikupita akilini. Liliponyoka kama kikohozi. Nilipolisikia nilidhani ni la mtu mwingine, hata nikageuka kumtafuta. Kisha nikaona Abdirizak ananitazama, na kabla sijafumbua mdomo tena mkono wake ulikuwa juu. Jioni alikuja darasani kwangu, akaniambia amehesabu haraka: kwa Sagal mchezo umepotea kwa vyovyote, lakini nikitajwa mimi, kocha, wale watoto wanne watafukuzwa pia, na mmoja wao baba yake aliuza beberu apate nauli ya kuja kumtazama. Akaniambia nisubiri matokeo yatangazwe rasmi, wiki moja tu, kisha nimweleze mtoto mwenyewe. Nikamwambia naam. Nikala kiapo.

Wiki ikaisha. Timu ikawa ya pili. Nikapewa kile cheti cha kocha mwenye nidhamu, ambacho wewe ulikitia fremu ukakitundika sebuleni kwako, na mumeo amekuwa akinywa chai chini yake kwa miaka sita. Nikasema nitamweleza baada ya mitihani. Baada ya Ramadhani. Baada ya korona. Siku moja nilimuuliza Abdirizak kwa nini hamwambii yeye mwenyewe, akajibu kwamba baba hamshtaki abti kwa mtoto, abti hujishtaki. Tangu hapo hajaligusa tena.

Sheria ya sataranji, Sagal aliijua akiwa na miaka sita, ni kwamba ukigusa kete, uisogeze. Mimi niligusa miaka sita iliyopita, na kidole changu bado kiko juu yake.

Basi nasaha zangu ni hizi, na zisomwe hivi zilivyo. Kwanza, mzuie Abdirizak asiende Rhamu. Mfichie viatu ikibidi. Pili, msomee Sagal barua hii kabla ya wageni, mkiwa watatu tu. Kisha isome tena mbele ya wageni, maana jina lile lilibandikwa hadharani, na halibanduliwi chumbani. Mwambie hakuna siku baba yake alipomtilia shaka. Alikuwa amesimama kando yangu amefumba mdomo, anatabasamu, kwa sababu alijua farasi ameonekana. Asiyemwamini nilikuwa mimi. Simwombi anisamehe upesi. Ana haki ya kuchukua muda, na mkono wake ni wa taratibu. Namwomba tu asipande ndege bila kushikana mkono na baba yake.

Cheti kile kiteremshe. Fremu ni nzuri, tia humo picha yao wawili.

Saado, niliyemwambia jana tu, hajanisemesha tangu asubuhi, ila ameniruhusu niandike salamu zake. Wasalimie majirani wote, na mbuzi kwa majina yao. Koti lile, kama hukuligawa, litakuwa fupi mikononi, lakini upepo wa Baku hautajali. Mwenyezi Mungu amfikishe salama, na akujalie wewe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina ambalo mumeo amenibebea muda wa kutosha,

Maow Faras.