Kurasa Zisizokatwa

Jumapili, 9 Machi 1862. Vernon
Chakula cha mchana kwa binti yangu Honorata. Kwaresima — samaki wa chumvi na viazi. Mumewe Anselme, muuza mbao, akanitania: mzee, riwaya yako imeniibia mke, kila Alhamisi yuko kwa Bi Lecointre, kile kibibi kipofu, anamsomea, nami narudi nakuta supu imepoa.

Nikamuuliza Honorata amefika wapi.

"Nimeimaliza, baba. Nimelia sana."

Katika riwaya hiyo mke wa hakimu anampenda afisa wa jeshi, mwishowe anajitosa mtoni. Mimi pia nililia, miaka kumi iliyopita, nikisoma nakala ya kuazima. Hii niliyompa ni mpya, nimeinunua mwezi jana.

Alipojibu hakuniangalia. Aliangalia chumvi.

Jumanne, 11 Machi
Mke wa mwokaji mikate: "Mzee wa Poland, Kwaresima inatukondesha sote, binti yako inamnawirisha. Anakula nini mwenzetu?" Wanawake wakacheka. Wawili hawakucheka — walitazamana. Hao ndio walionitia wasiwasi.

Alhamisi, 13 Machi
Honorata kapita, kitabu kwapani, kofia mpya. Kwa Bi Lecointre ni kushoto baada ya kanisa. Amekata kulia, njia ya stesheni. Labda alikuwa na shughuli kwanza. Labda.

Ijumaa, 14 Machi
Honorata kamtuma mtumishi wake anirudishie kitabu. Nikakaa dirishani kukisoma upya. Kitabu kipya huja kurasa zikiwa zimeshikana kwenye mikunjo. Msomaji huzikata mwenyewe kwa kisu, kadiri anavyosoma. Zimekatwa kumi na sita. Mia tatu na nne hazijaguswa.

Hakuna aliyemsomea mtu chochote.

Binti niliyemlea katikati ya vitabu, akasahau kisu! Miaka thelathini na moja ya uhamisho imenifundisha kumtambua jasusi kwa mwendo wake tu. Uso wa mwanangu ulinishinda kuusoma.

Jumamosi, 15 Machi
Amekuja. Kitabu nilikiacha mezani. Alikiona, akaketi.

"Ni nani?"

"Usiniulize, baba."

"Anselme anajua?"

"Anashuku. Ananinusa kofia."

Nikamkumbusha sheria ya nchi hii: mume akishtaki, mke hufungwa, miezi mitatu hadi miaka miwili. Talaka haipo.

"Unadhani silijui hilo?" Alilisema kwa Kipolandi, lugha aliyoiacha tangu mama yake afe.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa Anselme kanishika mkono. Mpole kupita kiasi. "Baba mkwe, niazime ile riwaya. Nami nijue kinachomliza mke wangu. Nitaipitia alasiri."

Mtu huyu hajawahi kusoma chochote ila bei za mbao. Hatafuti hadithi, anataka kuona kurasa. Lakini ningemnyima, angepata jibu lake palepale. Nikasema karibu.

Saa tisa. Nimechukua kisu. Sikukubali kutia sahihi kiapo cha uongo mbele ya Warusi walioitwaa Poland, ndiyo maana sina nchi. Leo nakata kurasa ambazo binti yangu hakuzisoma. Nakata kwa haraka, kingo zinachanika. Nazisugua kwa ukucha zisionekane zimekatwa leo. Nimefika ukurasa wa mia mbili na nane. Vidole vimekufa ganzi, navipumzisha kwa kuandika haya.

Buti ngazini. Anapanda taratibu.

"Baba mkwe, uko?"

Zimebaki mia moja na kumi na mbili, na mapaja yangu yamejaa vumbi jeupe la karatasi —