Jino la Odilia

Dada Yusta,

Nimehamishiwa Iringa, na huku hakuna wa kunigombeza. Tangu tukuzike nachanganya dawa za meno kimya kimya, mpaka kazi yenyewe imepoa. Nimemiss kugombezwa nawe, ndiyo hali halisi.

Mwezi uliopita mama yako alishuka kutoka Kilolo na Odilia wako mgongoni. Shavu limevimba, usiku halali, gego la chini limeoza hadi kwenye mizizi. "Mwanangu, si jino la utoto hilo? Ling'oe tu, litaota lingine." Ungekuwepo ungeshika kiuno! Nikamweleza kama ulivyokuwa ukiwaeleza akina mama wa Mbeya: likitoka mapema hivi, meno ya jirani yatainamia pengo, na la ukubwani litakosa nafasi. Akaguna, ila akakubali.

Shughuli ilikuwa kwa Odilia. Aling'ang'ania mlango, akauliza, "Humu ndimo mlimomwacha mama?"

Yusta, nilitoka nje nikalia.

Niliporudi nilimwambia ukweli, kwamba mama tulimwacha Mbeya, aliugua ugonjwa mwingine, na yeye Odilia atarudi nyumbani na bibi yake leo hii. Akapanda kitini, akamkamata bibi kidole. Nikatoa usaha, nikasafisha mizizi, nikaziba kwa muda.

Shavu lilipopungua uvimbe wakarudi, nikachanganya unga wa zinki na mafuta ya karafuu, uji laini, wa kujaza mizizi. Msaidizi wangu akaniletea vile vijiti vigumu tunavyowawekea watu wazima. Nikakusikia kabisa: "Haviyeyuki hivyo! Jino la ukubwani litapita wapi?" Nikavirudisha. Huu uji utaisha polepole pamoja na mizizi, jino jipya lipite.

Nilipomaliza, Odilia alinusa mkono wangu. "Unanukia kama mama," akasema. Kisha akashuka, akatangulia mlangoni mwenyewe, bibi yake anamfuata nyuma akifuta macho kwa kanga. Mwanao haogopi tena kuingia hospitali, dada.

Pumzika sasa. Nitalichungulia jino hilo kila wakija mjini. Siku likilegea lenyewe nitapanda Kilolo, tulirushe juu ya bati la bibi yake, nimsimulie ulivyokuwa mkali, na jinsi watoto wa watu walivyokulilia uwashike mkono.

Mdogo wako wa kazini,
Tabu