Shimo Lililopumzishwa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mjini Crystal, huku ughaibuni, tu wazima. Shangazi yako anakusalimu, na theluji bado imeganda mlangoni petu.

Umeniandikia kutoka chuoni Dodoma kwamba mmewacheka wataalamu wa Ulaya ya kale, walioamini moto wa volkano huivisha madini ardhini kama ndizi zilizovundikwa. Nami nilimcheka baba yangu. Kule Chunya aliziba shimo letu la dhahabu kwa magogo, akasema, "Dhahabu imechoka. Tuiache izae tena." Nikamwona mjinga, nikaficha kamba ili nishuke peke yangu akisafiri.

Kabla hajasafiri, mvua ilinyesha siku tatu, shimo likaporomoka lote.

Dhahabu haizai, Neema; mwalimu wako yuko sahihi. Ila baba angejua hilo, barua hii isingekuwa na wa kuiandika.

Babu yako