Anayeombea Laga Ifurike

Shangazi mpendwa, ejok. Naomba unisaidie kabla sijawajibu wakubwa Ijumaa, maana hili siwezi kumwambia mtu wa hapa Kakuma kisha akaniangalia tena vizuri. Mimi ni muuguzi katika kliniki iliyo kando ya laga, mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu, na mwaka jana maji yalipoteremka ghafla chini ya jua kali, mvua ikiwa imenyesha mbali huko milimani, kila mtu alikimbia huku na huku akipiga kelele, na mimi nikajikuta nimetulia tuli, nikawapanga watu washike kamba, nikaamua nani avuke kwanza, na hakuna aliyezama. Sasa wanataka nikaongoze kikosi cha dharura Lodwar. Lakini Shangazi, siku za kawaida mimi si mtu wa kutegemewa, napotea dirishani nikitazama wanawake wakichimba maji mchangani, nasahau kuagiza dawa na glavu, hadi mwenzangu Nakuleu akaniambia, "Wewe sista ni mtu ya mafuriko. Siku ya kawaida hatukuoni." Alicheka, mimi sikucheka, kwa sababu tangu siku ile naota laga imejaa, maji ya rangi ya chai yanapita polepole bila sauti, watu wanavuka mmoja mmoja wakinishika bega, na ng'ambo anabaki mama mmoja amekaa na jerikeni yake, nataka kumwita lakini simjui jina, na nikiamka nikakuta mchanga mkavu nasikitika. Naiombea laga ifurike, Shangazi. Mtu wa namna hii apewe roho za watu?

Awino, Kakuma

Awino mwanangu, ejok. Kwanza pumua. Kuikumbuka siku uliyojiona mzima si dhambi, na mawingu hayakusikii. Anayetulia wenzake wakipagawa hapatikani kila siku, kwa hiyo acha kujidharau.

Sasa nikugombeze kidogo. Ile kamba ilikuwa wapi maji yalipokuja? Nani aliiweka mahali ambapo mkono wako ungeifikia? Ulipokuwa dirishani, kuna mtu alikuwa anaagiza, anapanga na kufunga makabati, naye bila shaka anaitwa Nakuleu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kamwombe muende pamoja Lodwar, na umwombe kwa heshima. Akikubali, Ijumaa waambie wakubwa kwamba utaongoza siku ya maji, yeye aongoze siku nyingine zote, kwa cheo na mshahara wake kamili. Wakikataa, baki ulipo.

Na hiyo ndoto usiipeleke kwa mganga. Mama yule humwoni usiku tu. Kila asubuhi anachimba maji mbele ya dirisha lako, na siku laga itakapokuja atakuwa palepale, na anga litakuwa safi. Usiyemjua jina utamwitaje? Kesho shuka lagani mchanga ungali mkavu, ukae naye, umuulize anaitwa nani.