Kwato za Tausi

Jumanne, baada ya isha

Bado sijaamua kama huyu fundi mpya wa kwato ni wa kuaminiwa.

Tausi, farasi wetu anayebeba watalii ufukweni Diani, amekuwa akichechemea. Fundi wa zamani alisema ni uzee tu. Bakari, aliyekuja leo kutoka Tiwi, aliuinua mguu wa mbele, akachokoa uchafu kwa kisu, kisha akaniambia, "Hebu nusa hapa, mama."

Nilinusa. Uvundo, kama wa nazi iliyooza.

"Ukwato unaoza kwa ndani. Acheni kuupaka oili, inafungia unyevu. Uosheni kwa maji ya chumvi, alale pakavu, na apumzike."

Salim, mume wangu, alinivuta pembeni akicheka. "Oili tumepaka tangu enzi za baba. Huyu kaja leo, atufundishe?"

Nilimwuliza Bakari kama Tausi atapona.

"Sijui," alisema. "Nitajua nikirudi kumtazama."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Mafundi wote niliowahi kuwaita walikuwa na hakika.

Alipoondoka nilizinusa kwato nyingine tatu, moja moja. Hazikuwa na harufu yoyote. Nikamwita Salim aunuse ule mbovu. Alikunja uso, na hakucheka tena.

Basi kesho Tausi hatashuka ufukweni. Tutafuata ya Bakari tuone. Lakini ninaogopa, maana nikiwa nimekosea, atakayeumia si mimi wala Bakari.