Ng'ombe Niliowavusha

Garsen, Alhamisi, mwezi wa Shaabani.

Joto la leo limenikaa kifuani. Mvua haijanyesha, mto umeshuka hadi mizizi ya miti ya ukingoni iko wazi, na kila upepo unapotoka ng'ambo, upande wa mashariki, bado unaleta uvundo wa mizoga. Nimeoga mara mbili tangu asubuhi. Nahisi harufu ile ile.

Naandika kwa sababu leo nimesema uongo mbele za watu, nao wakaniamini.

Hapa mimi ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Kipini, nikapanda mto na kaniki na tumbaku ili nibadilishane kwa ngozi na mifugo. Kwa kuwa najua kusoma, watu wakaanza kuniita mwalimu. Sikuwakataza. Jina lile nililipenda.

Asubuhi nilikuwa kibarazani kwangu na wanaume watano sita, akatokea Godana na mkewe. Godana ni Muorma, mfugaji wa ng'ambo, tunajuana tangu siku niliyofika. Maziwa ya kwanza niliyoyanywa huku yalitoka kwake. Mwaka jana zizi lake lilikuwa likisikika kwa mbali. Leo amekuja na fimbo tu. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, imemmalizia wote.

Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni, lakini kila neno lilinifikia.

"Mwalimu, mimi natembea siku tatu huko ng'ambo. Nyati hapana. Hirola hapana. Mifupa tu. Tai nashiba mpaka nashindwa kuruka."

Hirola ni yule mnyama wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe unaopita kati ya macho. Nilipokuja huku walikuwa wakilisha karibu na ng'ombe, makundi kwa makundi, hata hatukuwa tukigeuka kuwatazama.

"Hakubaki hata mmoja?" nikamuuliza.

"Mimi naona nne. Iko kichakani, moja na mtoto yake." Akaegemea fimbo yake. "Wewe nasoma kitabu. Niambie. Hii ni Mungu, ama ni watu?"

Macho yote yakanigeukia.

"Ni amri ya Mungu," nikasema. "Mwanadamu hana mkono wake hapo."

Godana akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Nami nikampa mfuko wa unga, nikaona nimefanya jambo.

Walipoondoka, Athumani, mchuuzi mwenzangu aliyekuwa kibarazani, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi hakuna ubaya. Nina ng'ombe wangu wamefika kutoka Chewele, huko juu ya mto, wanatoka machozi kidogo. Kesho nawavusha. Ng'ambo watu hawana kitu, watachukua chochote."

Machozi kidogo.

Mwaka jana, habari za sotoka ziliposhuka kutoka juu ya mto, watu wa upande huu walianza kuuza mifugo kwa bei ya kutupa. Nikanunua kundi zima, nikauze ng'ambo ambako habari hazijafika. Ng'ombe wa mbele alikuwa akitoka machozi, pua inatiririka, anahara. Komora, Mpokomo mwenye mitumbwi ya kivuko, aliniambia, "Mwalimu, huyu mgonjwa." Nikamjibu kwamba ni vumbi la njiani. Yeye hakusadiki, na mimi mwenyewe sikusadiki.

Waliogelea ubavuni mwa mitumbwi. Nikawapeleka kunywa kwenye dimbwi lililo nyuma ya msitu, na pale hirola walikuwa wamesimama kando wakingoja tuondoke nao wanywe. Ng'ombe watatu walifia pale pale, ukingoni mwa maji. Nikawaacha. Waliobaki nikawauza upesi, kabla hawajalala chini.

Baada ya wiki chache nyati walianza kuanguka. Kisha hirola. Kisha zizi la Godana.

Nimejitetea mwaka mzima. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea kaskazini. Ungevuka hata bila mimi. Nyati mmoja tu angetosha kuuvusha, na nyati hahitaji mtumbwi kuvuka mto huu. Huenda ni kweli. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Lakini siku ile nilipowavusha wale ng'ombe sikuwa nikiwaza amri ya Mungu. Nilikuwa nikiwaza kuwahi kuuza.

Baada ya adhuhuri nilimfuata Godana kivukoni. Komora alikuwa anakumba maji mtumbwini.

"Godana, ngoja. Nimekudanganya."

Nikamweleza yote, na la Athumani pia, nimesimama juani, miguu yangu inazama katika tope. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Dimbwi gani?"

Nikamtajia.

"Ng'ombe yangu nakunywa hapo," akasema.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Aliuweka ule mfuko wa unga chini, polepole, akaingia mtumbwini akanipa mgongo. Mkewe akabaki amesimama. Kisha akarudi hatua chache, akauokota, akajitwika, naye hakunitazama. Ana watoto wanaomngoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Komora akaweka kata chini. "Mimi nilijua, mwalimu. Nilijua, na bado nikakuvushia. Kesho Athumani hapiti hapa." Akawavusha, kisha akaenda kuwaambia wenzake wenye mitumbwi.

Nami nikaenda kwa Athumani. Nilimwomba asivushe, nikamwambia habari ya wale hirola wanne, na mtoto wao. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Wewe ulivusha, hakuna aliyekuzuia. Leo umeshiba ndipo unawakumbuka wanyama? Na si asubuhi tu umesema ni amri ya Mungu?"

Akasema kama Komora hataki, atawashusha ng'ombe wake mpaka kivuko kingine huko chini, ataondoka alfajiri.

Nimefunga mzigo wangu. Jua bado lipo, naweza kufika kijiji cha kwanza kabla ya magharibi. Nikimtangulia Athumani, huenda wenye mitumbwi wakanisikiliza. Lakini watataka kujua nimejuaje, na kila kijiji itanibidi niseme yale yale, mbele ya watu wanaoniita mwalimu: niliona wanaumwa, nikawavusha.

Leo nimeyasema mbele ya watu watatu tu. Je, nitaweza kuyasema tena?