Duka Lisilojua Kusema Hakuna

Buguruni, Dar es Salaam
Jumatatu

Mdogo wangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama magoti yawe yamempa nafuu. Mimi huku Bongo mwili ni mzima. Najua umenipigia tangu Jumamosi nami sikupokea. Nimesikia pia sendofu yako ilivyokuwa: ndugu wa bwana harusi wameng'ara na sare zao, wa kwetu kila mmoja na kitenge chake kama abiria wa stendi. Unataka kujua vitenge ulivyoagiza vilipotelea wapi. Havikupotea. Havikuwahi kuwepo.

Yule Isidori, mtu wa kwetu Masasi niliyekuwa nikimuuzia vitenge dukani kwake Kariakoo, aliniambia wenzake wote wana wakala wa AI, hiyo akili mnemba inayojibu wateja kwenye simu. Akanipa kazi ya kumwandikia huyo wakala maelekezo, akaahidi kwamba mambo yakikubali tutafungua duka la pili nami nitalisimamia. Nikaandika kwa moyo wote. Auze kilichomo dukani tu. Mteja akitaka kisichokuwepo, amwambie wazi kwamba hakuna, kisha aniite mimi. Siku ya mzigo kufika asiitaje mpaka nimthibitishie.

Isidori aliposoma alifoka mbele ya wateja. Alisema Kariakoo hakuna neno ‘hakuna’. Ni kweli, mawinga wetu, wale wanaowatafutia watu bidhaa, ukiulizia hata mkia wa nyoka watakuambia upo, halafu wanakimbilia duka la jirani kuuchukua. Nikamjibu kwamba winga ana miguu, hiki kitu hakina. Kitaahidi tu, basi. Akacheka, akauliza tangu lini muuza vitenge akamfundisha tajiri biashara. Wiki hiyohiyo akaniambia kiti changu atakikalia mdogo wa mkewe, kwa kuwa simu sasa inajibu yenyewe. Nilipomkumbusha duka la pili, akasema nishukuru alinitoa kijijini.

Violeth, niliwaka! Kabla sijakabidhi simu ya duka akaniamuru nifute mipaka yangu yote, niweke maneno yake. Nikafuta. Nikaandika kama alivyotamka: mteja yeyote akiuliza kitu chochote aambiwe kipo, na aahidiwe siku anayoitaka mwenyewe. Ningeweza kumsihi tena. Nikasema moyoni, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda kukaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, nikaagiza chai, nikatazama. Wakaja akina mama wa kamati za harusi, wa Ilala, wa Temeke, kila mmoja ameinua simu yake: rangi ya samli, damu ya mzee, bluu ya bahari, zote waliambiwa zipo. Yule binti, mdogo wa mkewe, alijificha nyuma ya marobota. Wakamtoa Isidori nje, wakamzunguka, wakamzomea mpaka mawinga wakaacha kazi kuja kucheka. Alilia, mtu mzima na kitambi chake! Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Sasa sikia kwa nini sikupokea simu. Siku uliponipigia ukishangilia kwamba duka letu lina adabu, limekuambia kijani cha mgomba kipo na kitapanda basi Alhamisi, mimi nilikuwa nimeshafukuzwa. Nilijua hakipo. Muda wa kutafuta kwingine ulikuwepo tele, na maduka nayajua yote. Lakini nilijua ungempigia Isidori kumtukana, naye angeshtuka, aizime ile simu kabla akina mama hawajajaa mlangoni. Nikakupongeza, nikakata. Wala Jumamosi sikuwa naumwa kama nilivyowatumia ujumbe. Nilikosa uso wa kuja.

Isidori alinidanganya, lakini yeye ni mtu wa kwetu tu. Mimi nawe ni tumbo moja. Na ukiniuliza kama siku ile ikirudi nitakuambia ukweli, Violeth, sijui.

Mpe Mama shikamoo yangu. Umsomee barua hii au usimsomee, hilo nakuachia. Na shemeji yangu mpya msalimie, hata kama hataki salamu zangu.

Ni mimi dada yako,
Hyasinta